UZI: Kitabu gani cha Kiswahili kinamsaidia aliyefiwa? Au sisi tumeachiwa matanga tu?

#1 Mtoto wa Chumbageni
Wadau salaam. Mzee wangu tulimzika Ramadhani iliyopita, hapa hapa Tanga. Matanga yakaanuliwa, arobaini ikasomwa, wageni wakarudi makwao. Sasa ndiyo machungu yananianza, na wala si usiku. Yananikuta sokoni Ngamiani mchana kweupe, nikiona mtu anabonyezabonyeza ndizi mbivu kama alivyokuwa akifanya yeye, hadi muuzaji anakasirika.

Dada mmoja kazini kaniazima kitabu cha daktari Elisabeth Kübler-Ross, "On Death and Dying", cha mwaka 1969. Ndicho chenye zile hatua tano: kukataa, hasira, kubembeleza, huzuni nzito, kisha kukubali. Nimekimaliza. Mie sikukataa kitu, nilikuwepo akikata roho. Hasira sina. Nimebaki kama mwanafunzi aliyerushwa madarasa, hajui akae dawati gani.

Hoja yangu: kwa Kiswahili tuna vitabu vya mapenzi, vya kufuga kuku, vya kutafsiri ndoto, lakini cha kumshika mkono mfiwa hakuna. Tunaambiwa "Mungu kampenda zaidi", tunapewa sahani ya pilau, basi. Anayebisha ataje kitabu.

#2 Siti ya Dirishani
Pole sana mkuu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nakaa hapa nisome.

#3 Mgosi Halisi
Hakuna?? Na wewe unajiita mtu wa Tanga? Kaburi la Shaaban Robert liko pale Vibambani, mwendo mfupi tu kutoka kwenu, halafu unauliza nani kaandika msiba kwa Kiswahili. Alifiwa na mkewe Amina, akamtungia shairi ambalo wengine tulilikariri shule bila kuelewa kitu. Limo kwenye "Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini". Kasome sasa ukiwa umefiwa ndiyo utaona kuwa lile si shairi la mtihani.

#4 Pweza wa Pangani
Na akaoa tena 😀 Msimsahau huyo Shaaban Robert wa pili.

#5 Mgosi Halisi
#4 kuoa tena kunafuta nini? Mtu analia na bado anahitaji wa kumpikia. Ndiyo maana kitabu kile kinanoga: machozi yamo, shida za kazi zimo, uhamisho umo, watoto wamo. Hakukaa kwenye hatua namba tatu akisubiri namba nne.

#6 Nesi wa Zamu
Mleta uzi pole. Naomba nirekebishe jambo kuhusu hicho kitabu, maana watu wengi wanateswa nacho bure. Kübler-Ross hakukiandika hicho juu ya waliofiwa. Alikaa Chicago na wagonjwa waliojua kuwa wanakufa, akawauliza, akawasikiliza. Hatua tano zilikuwa za MGONJWA. Baadaye watu wakazihamishia kwa wafiwa. Kile cha wafiwa alikiandika na David Kessler, kikatoka 2005, mwenyewe akiwa amefariki mwaka uliotangulia, na humo wanasema wazi kwamba hatua hizo hazikukusudiwa kupanga machungu ya watu kwenye mstari. Kwa hiyo huna darasa ulilorushwa.

Mie nimefanya miaka mingi tiba shufaa mkoa huu, kuwahudumia wagonjwa ambao ugonjwa wao hauponi. Kwa kazi yangu kitabu kilichonifaa zaidi ni "Being Mortal" cha Atul Gawande, 2014. Ni daktari wa upasuaji Boston, wazazi wake wametoka India, na baba yake naye alikuwa daktari, akapata uvimbe kwenye uti wa mgongo. Anakiri kwamba madaktari tumefundishwa kupigana tu, hatukufundishwa kumuuliza mgonjwa: katika siku ulizobakiwa nazo, unachotaka kisikupotee ni nini?

Huku kwetu swali hilo halifiki kwa mgonjwa. Unaingia nyumbani kwa mtu, kabla hujavua viatu mtoto mkubwa anakuvuta ubarazani: "Nesi, mzee hajui, usimwambie." Unaingia ndani kumpa morfini yake ya kunywa, mzee anakushika mkono, anakwambia polepole: "Hawa watoto hawajui kuwa ninakufa, usiwaambie." Nyumba nzima wanafichana kitu ambacho kila mmoja anacho.

#7 Siti ya Dirishani
#6 aya hiyo ya mwisho imenikaa.

#8 Mgosi Halisi
Nesi, kwenye hicho cha Gawande kuna mzee aliyeulizwa hivyo akajibu kuwa kama ataweza kula aiskrimu ya chokoleti na kutazama mpira kwenye televisheni, basi yuko tayari kuendelea kuishi. Nikawaza, angekuwa wa Tanga na mpira wenyewe ni Coastal Union, angesema nizikeni leo.

#9 Pweza wa Pangani
Ubingwa tuliuchukua 1988, usitutukane msibani.

#10 Ustadhi Mikanjuni
Assalaam alaykum. Naona mnatembea mbali, Chicago, Boston. Imam Ghazali aliyefariki 1111 kafunga "Ihya Ulum al-Din" kwa kitabu cha arobaini, ambacho chote ni kukumbuka mauti na yanayofuata. Hakukiweka mwanzo wala kati. Kakiweka mwisho, baada ya vitabu thelathini na tisa vya ibada, mila za kula, ndoa, biashara, ulimi, hasira. Mtu akielewa mpango huo ameelewa nusu.

Na dini haikukataza kulia. Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola. Mwaka aliofiwa na Bi Khadija na ami yake Abu Talib umeitwa Mwaka wa Huzuni. Mwaka mzima umepewa jina hilo, na hakuna aliyemwambia ajikaze. Tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy iko kwa Kiswahili safi tangu 1969. Mleta uzi asiseme hakuna kitabu.

#11 Mwalimu Mstaafu
Ustadhi kataja 1969, mleta uzi kataja 1969. Niongeze cha tatu: John Mbiti naye alitoa "African Religions and Philosophy" mwaka huo huo. Anasema kwa Waafrika wengi aliyekufa hajaondoka kabisa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Akifa wa mwisho aliyemjua, ndipo anazama kwenye zamani. Mbiti alikuwa kasisi wa Kianglikana na wengi walimkosoa kwamba kajumlisha makabila mengi mno kwa kalamu moja. Nami nakubaliana na wakosoaji. Ila kwa hili la wafu, nikimtazama mama yangu akimwaga maji kidogo mlangoni na kutaja majina, naona kagusa pale pale.

#12 Ustadhi Mikanjuni
Kumwaga maji mlangoni ni katika mambo ya kuachwa, Mwalimu.

#13 Mwalimu Mstaafu
Mwambie mama. Ana fimbo.

#14 Bondei Mzawa
Mmesahau watani nyie. Vitabu mnavisoma peke yenu chumbani, mtani anakuja hadharani.

Babu yetu alipofariki kule Muheza, nyumba ilikuwa imezizima, bibi hali, hanywi, hasemi. Mara akaingia mtani kavaa kofia ya babu, kashika bakora ya babu, anakohoa kikohozi kile kile cha babu cha kuvuta mara mbili. Akaketi kwenye kigoda chake, akagonga bakora: "Chai iko wapi? Na sukari muweke ya mtu mzima, si ya kunionjesha!" Ukumbi mzima kimya. Bibi akamtazama. Akaangua kicheko hadi akashika mbavu, kisha kicheko kikageuka kilio, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza. Jioni akala uji.

Makaburini huyo huyo akashuka mwanandani akalala chali, hatoki mpaka apewe chake. Tukachanga tukampa. Sasa hiyo ni hatua ya ngapi kwa Wazungu wenu?

#15 Ustadhi Mikanjuni
Kulala mwanandani na kuchelewesha maiti ni makosa. Maiti huharakishwa.

#16 Bondei Mzawa
Shehe wangu, maiti hakuchelewa. Tuliochelewa ni sisi, kwa kucheka.

#17 Bi Raskazone
Nawaamkia nyote. Mie ni mjane, niko eda hivi sasa, kwa hiyo nina nafasi ya kusoma kuliko nyote humu 🙂

Binti yangu kaniletea kitabu cha Mmarekani Joan Didion, "The Year of Magical Thinking", cha 2005. Mumewe alianguka mezani wakijiandaa kula chakula cha jioni, tarehe 30 Desemba 2003, akafa. Mwanamke msomi, mwandishi maarufu, anagawa nguo za marehemu, akifika kwenye viatu anashindwa. Anafikiri: akirudi atavaa nini? Anajua kuwa amekufa, kamzika. Na bado anafikiri atavihitaji.

Nilipofika hapo nikafunga kitabu. Kandambili za mume wangu za kuendea msikitini ziko mlangoni upande wa kulia, moja imeshonwa kwa waya mwekundu aliokata mwenyewe kutoka kwenye redio mbovu. Mtoto wa shemeji alizihamisha akipiga deki. Nikazirudisha. Nikadhani nimeanza kurukwa akili, kumbe kuna Mmarekani kanitangulia. Dini sina shaka nayo, Ustadhi, usinisome vibaya. Nasema tu kwamba mtu wa kuniambia "hata mie nilizirudisha" sikumpata kwenye mawaidha, nilimpata mle.

#18 Nesi wa Zamu
Pole sana dada. Na asante.

#19 Mtoto wa Chumbageni
#17 shikamoo bi mkubwa, umenipa kitu. Lakini mnaona? Hicho nacho ni cha Kiingereza. Hoja yangu iko palepale.

#20 Mgosi Halisi
Iko palepale kwa ubishi wako. Haya, "Al-Inkishafi" ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, wa Pate, mwanzoni mwa karne ya 19. Anausemesha moyo wake mwenyewe: huoni majumba ya matajiri yalivyobaki magofu, popo wananing'inia ndani? Kama huwezi kufika Pate, chukua daladala hadi Tongoni njia ya Pangani, katazame makaburi yale ya nguzo na msikiti usio na paa, ukiwa na kitabu mkononi. Na Mwana Kupona wa Lamu aliyemwandikia bintiye akiwa kitandani anaumwa? Huyo ni mtu anayekufa anaandika kwa Kiswahili, miaka zaidi ya mia kabla ya Kübler-Ross.

#21 Mwalimu Mstaafu
Mwana Kupona binti Msham ni wa Pate pia, si Lamu. Utendi ni wa 1858, akafariki miaka michache baadaye. Na mwaka 1856 alikuwa kafiwa na mumewe. Kwa hiyo ni mjane na mgonjwa kwa pamoja, ana binti wa kumwacha.

#22 Dada wa Makorora
Naomba nicheke kidogo. Utendi wa Mwana Kupona tulifundishwa kuwa ni wa kumfunda mwali amtii mume, amkande, amsubiri. Leo umekuwa kitabu cha kifo?

#23 Mwalimu Mstaafu
Ni vyote viwili, binti yangu. Mama anayejua hatakuwepo harusini anasema yote kwa mkupuo mmoja. Ukisoma ukiwa na hilo kichwani, hata lile la kumkanda mume linasikika vingine.

#24 Dada wa Makorora
Linasikika vilevile, mwalimu wangu. Shikamoo lakini.

#25 Mwana wa Kaole
Natokea Bagamoyo. Mnazungumzia vitabu, mie nitazungumzia mwili. Huku tuna ule mnara wa misheni ambapo maiti ya Livingstone ililetwa na watumishi wake Chuma na Susi na wenzao Februari 1874, akazikwa hapo. Alifariki Mei 1873 kule Chitambo, Zambia ya leo. Wakauzika moyo wake chini ya mti, mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani, wakaubeba hadi pwani. Miezi tisa. Watu wanaona ni historia ya Mzungu, mie naona ni somo la msiba: hawakumwacha porini.

#26 Mwalimu Mstaafu
Hakuzikwa Bagamoyo. Alilazwa tu hapo, akavushwa Zanzibar, akazikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874.

#27 Mwana wa Kaole
Sawa mwalimu, kulazwa. Basi ongeza na hili: kati ya hao wabebaji, aliyesafiri na jeneza hadi Uingereza ni Jacob Wainwright peke yake. Chuma na Susi walifika Uingereza mazishi yameshapita. Waliobeba miezi tisa hawakutia mchanga.

#28 Bondei Mzawa
Hii imeniuma kuliko uzi wote. Kutotia mchanga si jambo dogo.

#29 Kijana wa Ughaibuni
Naomba kuchangia kutoka mbali. Wakati wa korona mama alifariki Tanga mie niko nje, viwanja vya ndege vimefungwa. Mazishi niliyaona kwa simu ya binamu, mkono unatetemeka, nikaona migongo ya kanzu tu. Kilichonisaidia ni kijitabu cha Chimamanda Ngozi Adichie, "Notes on Grief", 2021. Baba yake alifariki Nigeria Juni 2020, yeye yuko Marekani, ndege hakuna. Kina kurasa chache, mtu unamaliza kwa kukaa mara moja. Ana hasira na maneno ya faraja, yakiwemo aliyokuwa akiwaambia wengine yeye mwenyewe. Kwa hiyo mleta uzi, hayo ya "Mungu kampenda zaidi" hayakukera wewe peke yako.

#30 Ustadhi Mikanjuni
Maneno ya faraja hayakuwekwa yamalize uchungu. Yamewekwa mtu asikae kimya mbele ya mfiwa.

#31 Mlokole wa Pongwe
Bwana asifiwe wote. Ustadhi, hapo nitakupinga kwa upole. Kitabu cha Ayubu: marafiki watatu walikuja wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkubwa mno. Walikuwa vizuri hapo! Walipofungua midomo ndipo walipoharibu, sura baada ya sura. Matanga yetu ya kukaa tu kwenye jamvi, mtu anakuja, anakaa, anaondoka, ni hizo siku saba kabla midomo haijafunguliwa.

#32 Ustadhi Mikanjuni
Nabii Ayubu (a.s.) ni wetu sote. Nimekusikia.

#33 Mwalimu Mstaafu
Kwa wanaotaka upande wa wataalamu, wenyewe hawajakubaliana. Freud, yule daktari wa nafsi wa Vienna, mwaka 1917 aliona kazi ya kuomboleza ni kuung'oa moyo kutoka kwa marehemu, polepole. Mwaka 1920 akafiwa na binti yake Sophie, na miaka tisa baadaye akamwandikia rafiki yake kwamba pengo lile halizibiki, na hivyo ndivyo inavyopasa. Mwaka 1996 wakaja watafiti wengine, Klass na wenzake: hakuna haja ya kung'oa chochote, uhusiano na marehemu unaendelea kwa sura nyingine. Mwaka 1999 Stroebe na Schut, wa Uholanzi, wakasema mfiwa huenda na kurudi: saa hii yuko kwenye uchungu, saa ijayo analipa bili ya umeme, na kurudi huko na huko ndiyo dawa. Bonanno, mtafiti wa Marekani, yeye anasema watu wengi wana ustahimilivu, wanasimama wenyewe bila tiba yoyote. Mie nawaamini wale wa Uholanzi, kwa kuwa nimeyaona kwa shemeji yangu, analia na kuhesabu mchele wa matanga kwa wakati mmoja.

#34 Nesi wa Zamu
Ongeza kwamba mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, toleo la 2022, umeingiza huzuni ya msiba iliyopitiliza, kwa mtu mzima baada ya miezi 12. Shirika la Afya Duniani linasema miezi 6. Si kila anayelia ni mgonjwa, ni yule ambaye kila siku, bado, maisha yamesimama kabisa. Hao wapo, na mawaidha peke yake hayawatoshi. Wapelekeni hospitali.

#35 Pweza wa Pangani
Marekani 12, WHO 6, eda miezi minne na siku kumi. Kila mtu na kalenda yake.

#36 Bi Raskazone
#35 mwanangu, eda haikuwekwa kupima machozi. Ina hukumu zake. Ila ngoja nikwambie faida ambayo hamuijui wanaume: kwa muda huu wote hakuna anayenitazamia niwe sawa. Hakuna anayeniuliza mbona sijatoka, mbona sijavaa vizuri. Nyie mnaorudi kazini siku ya nne ndio mnaonitia huruma.

#37 Dada wa Makorora
Hapo sina la kubisha.

#38 Baba Wawili
Samahani kuuliza pembeni kidogo. Mtoto wa miaka mitano anaambiwaje? Mama mkwe alifariki, wakubwa wakamwambia bibi kasafiri. Sasa kila tukipita stendi anataka tushuke tumngoje. Juzi kamfuata mama mmoja mwenye kanga kama za bibi, kamshika upindo.

#39 Nesi wa Zamu
Mwambie amekufa, kwa neno hilo hilo. Mwili umeacha kufanya kazi, hali, hasikii baridi, harudi. Atauliza tena kesho na keshokutwa, mjibu vilevile. Ukisema "amelala" ataogopa kulala.

#40 Bondei Mzawa
Sisi tulipelekwa makaburini wadogo kabisa, tukashika udongo. Hakuna aliyetueleza kitu na tukaelewa.

#41 Mlokole wa Pongwe
Wengine hatukuelewa, kaka. Tulinyamaza tu.

#42 Mtoto wa Chumbageni
Nimewasoma wote. Bado nasema kitabu cha leo, cha mtu wa mjini, kwa Kiswahili cha leo, hamjanitajia. Mmenipa vya karne ya 19, vya dini, na vya Wazungu. Lakini Jumamosi nitakwenda Vibambani. Nani ana "Maisha Yangu" aniazime? Maktaba ya mkoa nimeuliza, kimeazimwa.

#43 Mgosi Halisi
Kimeazimwa na mimi 😀 Muda umeshapita, nadaiwa faini. Njoo baada ya Alasiri barabara ya 8, uje na hela ya faini.

#44 Pweza wa Pangani
Mfiwa ndiye anayelipa faini. Tanga hii!

#45 Bi Raskazone
Akimaliza kukisoma mniletee mie. Mimi ndiye sitoki.